Mwisho wa Waya Yupo Kaka

Studio,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa.
12 Juni.

Kaka mpendwa, Mzee wa Waya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima lakini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kumwambia wifi kwamba ni vumbi tu? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo hauna tatizo. Jana kanisuta mbele ya wateja eti sijala tangu asubuhi. Mdogo wetu, bibi harusi mtarajiwa, anajaribu viatu kutwa nzima, nyumba haina utulivu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama ngazini, kisha nikairudia nimekaa. Ulipoandika kwamba nikishanunua vifaa vya kuwashia flashi bila waya hatutakuhitaji tena, najua ulikuwa unatania. Mimi sikucheka. Neno hilo limenikaa rohoni wiki mbili sasa, ndiyo maana leo nakuandikia kwa kirefu.

Waya wenyewe, ule wa kuunganisha kamera na flashi, umestaafu. Mwezi uliopita mgeni mmoja alijikwaa ukumbini, flashi ikaanguka chali, na mimi nikapigiwa kelele na ukoo mzima wa bwana harusi. Ni ule ule mrefu uliokuwa ukiuzungusha kiwikoni ulipokuwa ukinishikia flashi. Nimeukunja ulivyokuwa ukiukunja wewe na kuuweka kwenye droo yako. Kuutupa nimeshindwa.

Harusi iliyofuata niliazima vifaa vya ile aina inayosubiri mwanga, yaani flashi ya pembeni ikiona flashi nyingine imewaka, nayo inawaka. Kaka, niliaibika! Kila mgeni aliyenyanyua kamera yake, flashi yangu ilimwitikia. Shangazi wa bwana harusi akipiga picha ya keki, inawaka. Mtu akipiga viatu vya mwenzake, inawaka. Maharusi walipovishana pete, zamu yangu hiyo, flashi ilikuwa hoi, haina nguvu tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikajua ninachohitaji ni vifaa vya redio. Kipande kimoja kinakaa juu ya kamera, kingine kinachomekwa kwenye flashi, vyote kwenye chaneli moja, na havimsikilizi mtu mwingine. Fundi kamera aliniazima aina mbili nizijaribu. Ya kwanza ni imara, betri zake zinadumu, na kazi yake ni kuwasha flashi tu. Ya pili mlango wa betri umelegea, nimeubana kwa utepe, lakini ina ziada moja ambayo nitakueleza.

Tulizijaribu nyumbani. Nilisimamisha flashi jikoni, nikamkalisha mama aiangalie, mimi nikatoka na kamera. Nikibonyeza, anapaza sauti, "Imewaka!" Nikafika uani, "Imewaka!" Nikavuka barabara hadi kwa fundi cherehani, nikabonyeza tena. Dirisha la jikoni nililiona likimulika, lakini sauti ya mama haikunifikia. Hapo nilikukumbuka ghafla, kaka. Machozi yalinitoka, fundi cherehani akaacha kushona akidhani nimefiwa.

Niliporudi mama aliniuliza, uso mkavu kabisa, "Na hicho kinafika hadi kwa kaka yako?"

Nikamwambia hakifiki.

"Basi bado hawajamaliza kukitengeneza," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Unaikumbuka ile picha kubwa ukutani kwake. Tupo mama, mimi na mdogo wetu akiwa bado anabebwa. Marehemu baba ndiye aliyepiga, nawe ulishika flashi pembeni. Chako kinachoonekana ni waya tu, umetambaa sakafuni hadi ukingoni. Mama kila akipata mgeni humwonyesha kwa kidole: "Mwisho wa waya huu yupo mwanangu wa kwanza." Wageni hucheka. Yeye hacheki. Nimepekua sanduku zima la picha na sikuona hata moja ambayo uso wako uko pamoja na nyuso zetu. Ulitumulika wote, mwenyewe ukabaki nje.

Mama hataki kitu kingine kwenye harusi hii, anataka picha moja tu yenye watoto wake wote watatu. Hajakuambia kwa sababu anaogopa utamjibu "nitaangalia", kama ulivyoniandikia mimi. Kaka, hilo "nitaangalia" lako linatuumiza. Limetuchukulia miaka sita. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Omba ruhusa kazini sasa, usingoje mpaka wenzako wote waombe. Nimekukumbuka mno. Nikiwa kazini bado nasema "inua kidogo" kabla ya kupiga, halafu nakumbuka kwamba hakuna mtu pale, ni stendi.

Nimechagua ile ya pili, yenye mlango mbovu. Fundi kamera amenishangaa. Ziada yake ni kipande cha tatu, kidogo, cha kushika mkononi. Ukikibonyeza, kamera na flashi vinafyatuka pamoja bila mtu kuvigusa. Kamera itakuwa kwenye stendi, flashi kwenye stendi, nami niliyerithi kamera ya baba nitaingia kwenye picha. Hakuna wa kubaki nje tena. Ulisema hatutakuhitaji, kumbe nimehangaika kote huko ili wewe usishike taa.

Msalimie sana wifi, mwambie zile mbegu za maua alizonipa zimeota. Watoto waambie shangazi yao anataka kujua nani amemzidi mwenzake urefu. Mdogo wetu anakusalimu, na mama anakuombea kila akiamka. Mwenyezi Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kuja.

Mimi mdogo wako,
ninayekupenda na kukungoja.

Tena: ndani ya kifurushi hiki utakuta kitu cheusi, kidogo kama kiberiti. Ndicho kile kipande cha mkononi. Sinacho kingine, na picha ya mama haipigwi bila hicho, kwa hiyo usikitume kwa posta, kilete mwenyewe. Ukikibonyeza huko hakitawaka. Betri zake anazo mama.