Simba Hatoki Hapa

Baba yangu,

Shikamoo, huko uliko. Simba, mbwa wako, yuko hai, na hatoki hapa nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu Baba Mdogo, ndugu yako mwenyewe, aliapa kumchoma mkuki.

Tangu siku ile baruti ilipokuangushia mawe kule mlimani, ukaletwa umebebwa na wenzako, Simba akifuata nyuma, hakuwa mbwa yule tena. Wachimbaji wakigonga tu kile kipande cha reli kuonya watu kwamba baruti inawashwa, anajificha chini ya kihenge cha mtama, anatetemeka na kulia mpaka majirani wakasema anaita msiba mwingine. Baba Mdogo akafoka, "Mpige, woga utamtoka! Tukivuna mtama bado analia, namuua." Nikamjibu, "Ukimgusa yeye, umenigusa mimi." Mama akajishika mdomo.

Kumpiga! Wewe uliwahi kumpiga nani? Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akirusha mateke? Kila mtu alitaka afungwe kamba. Wewe ulichuchumaa kando yake unampigia mluzi, mimi nimemshika ndama, mpaka maziwa yakashuka. "Usimharakishe," ulininong'oneza. "Mwache aone hakuna baya."

Basi nikafanya hivyo hivyo. Sikumvuta Simba kutoka chini ya kihenge hata mara moja. Nilimtandikia ngozi kuukuu humo humo. Nikachukua jembe lililovunjika, nikawa naligonga kwa kijiti, taratibu, nikiwa mbali, kisha namsogezea maziwa huku nikipiga mluzi wako. Akitetemeka, naacha. Akinywa, kesho yake nagonga kwa nguvu kidogo. Watu wakanicheka, eti binti wa marehemu kachanganyikiwa, anampigia mbwa ngoma. Wacheke tu!

Tulipomaliza kuvuna, Baba Mdogo akaja na mkuki wake. Tukiwa tumesimama uani, reli ikalia mlimani. Simba akatoka chini ya kihenge, akaja mpaka miguuni pangu, akalala, akawa ananitazama mikono akitafuta maziwa. Baruti ikalipuka. Aliyeruka ni Baba Mdogo, mkuki ukamponyoka. Simba alitega sikio tu.

"Haya," Baba Mdogo akasema akiuokota mkuki, bila kunitazama usoni. "Mpe maziwa yake."

Mimi bado nashtuka, Baba. Reli ile ikilia nakuona umebebwa vile vile. Lakini napiga mluzi, Simba ananilalia miguuni, tunasubiri pamoja. Kesho watalipua tena. Walipue! Sisi hatutoki hapa.

Pumzika, Baba.

Mwanao, mshika ndama wako