Fremu ya Nyambura

Jumamosi, mwezi wa nane, 1997

Ati fremu ya aluminiamu. Kwangu hiyo ni sufuria.

Nyambura, msichana yangu, huruka na baiskeli kutoka kwa kingo za barabara huku Giakanja, na kila siku anaenda nayo kazi Nyeri mjini. Fremu ya zamani imevunjika. Leo tumeenda Karatina kuchagua ingine. Mimi nilishika ya chuma, nzito. Sitaki kuzika mtu mwingine.

"Baba, basi hiyo utanibebea wewe kwa mlima," akasema.

Nikaweka ile nyepesi juu ya mawe mbili, nikapanda katikati, vile mimi hujaribu mpini ya jembe. Nikaruka.

Muuzaji akapiga kelele, "Mzee, shuka! Hiyo si ngazi!"

Nyambura akacheka mpaka akakaa chini. Anacheka kama mama yake.

Fremu haikupinda. Tukachukua hiyo.

Sasa ameitundika kwa ule msumari marehemu mama yake alikuwa anatundika kiondo, kikapu yake ya sokoni. Hapo sijakubali kitu yoyote itundikwe tangu tumzike. Leo nimeangalia tu, nikaiacha hapo.