Tiketi ya Nne

Overport, Durban
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanasemaje? Dada aliniambia sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, nikacheka mpaka wateja wa saluni wakauliza nimeshinda bahati nasibu gani. Sisi tu wazima. Bheki aliondoka Alhamisi na kikosi chake kwenda Congo, na ameondoka na baraka za mama yake. Baraka hizo ndizo zilizotupeleka Ufaransa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Unakumbuka nilikwambia kwamba babu wa baba yake Bheki alichukuliwa na Waingereza wakati wa vita vikuu vya kwanza, akapelekwa Ufaransa kupakua meli, akafia huko. Kaburi lake liko karibu na mji wa Dieppe, lina jina na namba. Mama mkwe aliposikia Bheki anarudishwa Congo, alisema: "Mmoja wa nyumba hii bado yuko ugenini. Sitoi baraka kwa wa pili mpaka wa kwanza arudi." Yule mama hatanii. Bheki akaomba likizo jeshini, akapewa siku kumi, tukavunja akiba yetu yote. Mimi nikasema kama tunakwenda, basi na Irakoze aione Paris. Mjukuu wako ana miaka kumi na amechora ule mnara wa chuma kwenye kila daftari la shule.

Paris tuliitembea mpaka miguu ikavimba. Bheki hajui kutalii, Mama. Anashika ramani, anatangulia kama yuko kwenye gwaride, na sisi nyuma tunakimbia. Tulipanda boti mtoni, tukaingia makanisa, Irakoze akamaliza mkate mzima mrefu peke yake. Mnara tuliuwekea siku ya mwisho, saa tisa alasiri, tiketi tumeshakata.

Kabla ya siku hiyo tulikwenda kulala Dieppe kwa ajili ya Mkhulu. Ndivyo wanavyomwita babu. Kwa Wazulu, mtu akifia mbali hufuatwa na tawi la mti wa miiba, jamaa ya mkunazi. Kibali cha kusafiri na hilo tawi kilitutoa jasho kuliko viza. Unaliweka juu ya kaburi, unamwita kwa jina, halafu unambeba. Anayembeba hazungumzi na mtu mwingine njiani, anazungumza naye tu: hapa tunavuka mto, hapa tunapanda gari. Akimjibu mtu mwingine, marehemu hurudi kaburini na kazi inaanza upya. Na tiketi yake lazima ikatwe. Mimi mlokole wako nilijiambia nimekuja kama mkalimani wa Kifaransa tu. Lakini Bheki alipopiga magoti na kulitamka lile jina, nililia kama mtoto.

Asubuhi tukapanda treni ya kurudi Paris. Mkagua tiketi akahesabu mara mbili.

"Bibi, tiketi nne, watu watatu. Wa nne yuko wapi?"

Nikamwonyesha tawi kwenye kiti cha dirishani. "Ni huyu hapa, bwana. Amengoja zaidi ya miaka mia." Alimtazama Bheki aliyekaa kimya, akamtazama Irakoze, akatoboa zote nne.

Tulikuwa tumekaribia Rouen simu ya Bheki ilipolia. Mama, huyu mtu ana miaka kumi na tisa jeshini. Aliona jina la mkubwa wake, akaruka wima, mkono ubavuni, akaitika.

"Yebo, sir!"

Behewa zima likageuka. Mkubwa alitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi.

"Eish, Mama," Irakoze akaninong'oneza, "Papa amesema! Mkhulu ameshuka."

Bheki alikaa chini polepole. Uso wake sijawahi kuuona vile, hata siku ile aliporudi vitani bila rafiki yake. Sikufichi, niliwaza kunyamaza. Nani angejua kule Durban? Saa tisa mnara ulikuwa unatungoja, na ndege ilikuwa kesho yake asubuhi. Halafu nikamfikiria yule mzee, ameitwa kwa jina lake, amekubali kuondoka, kisha kaachwa njiani kwa sababu ya ufunguo wa stoo. Hapana. Nikasimama, nikachukua mabegi.

"Tunashuka Rouen. Tunarudi kumchukua. Simu nipe mimi."

Irakoze alilia kutoka Rouen mpaka Dieppe, na sikumkataza, maana alikuwa na haki yake. Bheki akamwita Mkhulu upya kaburini, tukapanda treni ya mwisho ya Paris. Mkubwa alipiga tena jioni. Nikapokea mwenyewe, nikamwambia Bheki yuko na mzee wake na hawezi kuzungumza. Akasema sharp, yaani sawa, mama, msalimie mzee.

Kesho yake nilimwomba dereva wa teksi apitie kando ya mto kabla ya uwanja wa ndege. Mnara ulipotokea, Bheki akaliinua tawi mpaka kwenye kioo. "Mkhulu, huo ndio mnara. Kitukuu wa mwanao amekuachia nafasi yake." Irakoze akajifuta macho, akamsogelea baba yake, akalishika tawi upande wa pili.

Kufika Durban, mama mkwe alilipokea tawi mlangoni kwa vigelegele, akaliingiza ndani, akambariki mwanawe mbele yetu sote. Kisha akanishika mkono mimi mkwewe. "Na baba yako, makoti, nani anamfuata?"

Tumekubaliana miaka yote kutomtaja Baba, tangu tulipomwacha makaburini kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na jiwe lako la kusagia kichwani pake. Najua sisi hatubebi matawi. Tutabeba sala, na karatasi zozote watakazotaka mpakani, tumrudishe nyumbani. Likizo ijayo ya Bheki tunakuja kukuchukua, uniongoze mpaka kwenye lile jiwe. Usiniambie umezeeka, ngazi za kanisa unazipanda.

Nisalimie dada Espérance na cherehani yake, mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake bado naisikia.

Kwenda tutakuwa wanne. Kurudi nitakata tiketi tano.

Mwanao,
Godelive