Muhuri wa Nyumba ya Tarrabi

Mersin, Uturuki
9 Novemba 2018

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na dua zako nazihisi. Hali yako je? Jirani yako Umm Jalal ananiambia kwamba hata akikupigia kelele sikioni unamjibu habari nyingine kabisa, kwa hiyo simu tumeiacha. Nitaandika, naye atakuonyesha. Wewe andika kwa mkono, atapiga picha anitumie.

Nimekodi ghala. Mwenyewe ni Mzee Nevzat, Mturuki aliyefiwa na mkewe, mtu wa kucheka na kunywesha watu chai. Nataka kupika sabuni, baba. Najua utakachosema: tangu lini mwanamke akaingia kwenye kiwanda cha Tarrabi? Miaka kumi na miwili nilisimama mlangoni na chakula cha kaka zangu, nikitazama kwa pembe ya jicho. Sasa kaka zangu wote wawili hawapo, Mungu awarehemu. Usiponifundisha mimi, utamfundisha nani?

Mafuta ya zeituni nimepata, na ya tunda la mti wa ghari yanatoka Antakya, mazito na yenye harufu kama ya kwetu. Nisichokijua ni lini nizime moto.

Binti yako,
Mayyada


Halab, Syria
1 Desemba 2018

Binti yangu,

Waalaykum salaam. Afya ipo, namshukuru Mungu kwa meno manne yaliyobaki. Masikio yalibaki chini ya kifusi siku ile ya bomu na sijayadai.

Nilikaa wiki tatu nimekasirika. Hasira imekwisha kabla ya sababu zake, basi sikiliza.

Pika wakati wa baridi tu, siku tatu. Siku ya tatu chota kidogo kwa kijiti, gusa na ncha ya ulimi. Ikikuuma, magadi bado hayajafa, endelea kuchochea. Isipouma, zima. Mafuta ya ghari yaingie mwisho. Mwaga sakafuni, kata, piga muhuri, panga minara yenye nafasi ili upepo upite. Kisha ngoja miezi tisa. Hata mfalme akija mwezi wa nane, mwambie arudi. Sabuni ya kweli ukiikata, nje ni dhahabu na ndani ni kijani. Wenye haraka hutia rangi, na ya kwao ni kijani nje na ndani.

Muhuri wetu nimempa mke wa Haj Ratib akuletee, anapitia Beirut. Umebeba jina la mababu watano. Usiutie mkononi mwa mtu.

Kiwanja cha kiwanda bado ni changu. Kuta tatu zimesimama. Nakutunzia.

Baba yako,
Wahbi


Mersin
20 Oktoba 2020

Baba yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku tuko salama, hofu ni juu yako na maradhi haya yanayozunguka dunia. Usiende msikitini kwa kung'ang'ania safu ya mbele.

Sabuni imeiva, baba. Nina watu tisa sasa: sita wa kwetu na watatu Waturuki. Mtaa huu ulikuwa wa maghala yenye paka tu. Leo kuna mtu wa maboksi, kuna mama anayeuza supu ya dengu, na jirani amenunua gari la pili kwa kubebea mizigo yangu bandarini. Mzee Nevzat anasema mtaa umefufuka naye anafufuka nao. Vijana wakipita hutupigia kelele turudi kwetu. Jana mmoja alimaliza kupiga kelele, akaja kuniomba vipande vitatu, mama yake amemtuma.

Nakutumia kimoja. Kikate mwenyewe.

Binti yako,
Mayyada


Halab
17 Januari 2021

Binti yangu,

Waalaykum salaam. Nipo, na baridi ipo, mafuta ya jiko hayapo. Tunalala na makoti.

Nimeikata. Ndani kijani. Mafuta ya ghari umebania, mkono wa mama yako huo. Lakini ni sabuni.

Niliipeleka sokoni nikaiweka mbele ya wazee wa kazi. Wakainusa mmoja mmoja, hakuna aliyesema neno, na kwa watu wale kunyamaza ni sifa. Wakauliza nani kapika. Nikasema mtoto wangu. Wakamwombea dua kijana huyo wa kiume, nami sikuwasahihisha. Unisamehe. Nilipofika nyumbani nililia kama mjinga.

Baba yako,
Wahbi


Mersin
2 Machi 2023

Baba yangu mpenzi,

Namshukuru Mungu tetemeko limekuacha hai. Umm Jalal ameniambia mnalala shuleni. Kula, hata kama huna hamu. Sisi huku tulitikiswa tu, lakini Antakya haipo tena. Yule mzee aliyenikamulia ghari hayupo, wala nyumba yake.

Mzee Nevzat alifariki Novemba. Kazi inaendelea. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Binti yako,
Mayyada


Halab
11 Mei 2025

Mayyada,

Salaam.

Tangu mpaka ufunguliwe malori yanaingia usiku na mchana. Wiki hii yameleta sabuni yetu. Imerundikwa sokoni chini kama viazi, bei ya bure, na muhuri wa Tarrabi juu ya kila kipande. Nimeikata mbele ya watu. Kijani nje na ndani.

Mama mmoja amenionyesha mikono ya mjukuu wake, imebabuka. Aliinunua kwa sababu ya jina.

Nimesimama sokoni nikatangaza kwamba nyumba ya Tarrabi imekwisha. Usiniandikie.

Wahbi Tarrabi


Mersin
15 Mei 2025

Baba,

Assalaam alaykum. Umesema nisiandike, naandika. Sabuni hiyo sikuipika mimi.

Ulipoleta muhuri ilibidi alama ya biashara isajiliwe, la sivyo sabuni bandarini haipiti. Kitambulisho changu cha ukimbizi kilikuwa cha mkoa wa Kilis, hapa hakikubaliki. Mzee Nevzat akasema, "Tumia jina langu, binti, nani atatugombanisha?" Nikatumia. Hatukuandikiana hata mstari. Mtu ananimiminia chai kila asubuhi, nimtolee karatasi atie sahihi? Niliona ni kumtukana. Wewe mwenyewe ulitulea hivyo.

Alipofariki, bintiye na mkwewe Oktay walikuja na hati. Ghala lao, alama yao, muhuri wao. Oktay hakuwa mkali. Aliniambia, "Dada, baki hapahapa, utapika kama kawaida. Ila miezi tisa hatuwezi kungoja." Wiki ya pili wakaleta mapipa ya rangi, nikavua aproni. Wale tisa wamebaki, wana watoto wa kulisha, siwalaumu. Mimi napanga malimau kwenye ghala la watu. Nyumbani napika sufuria moja moja, haina muhuri.

Ulinionya, nami nikalitia jina mkononi mwa mtu. Ndiyo maana nilikuficha miaka miwili na nusu. Kila nilipoanza kuandika nilikuona umeishika ile sabuni yangu ya kwanza.

Niambie hata neno moja baya, baba, lakini niambie.

Binti yako,
Mayyada


Halab
2 Juni 2025

Binti yangu,

Waalaykum salaam. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi nipo.

Barua yako nimeisoma mpaka Umm Jalal akadai simu yake. Mama yako alikuwa akisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hilo ndilo neno baya, nimelisema, limekwisha.

Sasa langu. Siku mbili baada ya kukuandikia ile barua nilitia sahihi. Kiwanja kimekwenda. Niliona sina tena wa kumtunzia. Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mnunuzi kumwomba arudishe. Alinikalisha vizuri, akanipa kahawa, akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili nisome: "Haji, tingatinga limeshaingia." Nilikwenda kuona. Ni kweli. Zile kuta tatu zilianguka kwa asubuhi moja. Wanajenga maghala ya kuwekea bidhaa zinazotoka huko kwenu.

Ningeweza kukuuliza nani kapika. Maneno mawili tu. Nimekaa nayo siku zote hizi. Wewe uliogopa kusema, mimi nikaona haya kuuliza, na kati yetu hakuna kilichobaki cha kugombania.

Usije. Hapa hakuna sufuria, hakuna kiwanja, na jina nililiua kwa kinywa changu mbele ya watu. Na usiniambie utaanza upya, mwanangu, nina miaka themanini na moja.

Miaka saba tumeandikiana habari za sabuni. Ukiniandikia tena, niambie tu umekula nini.

Baba yako,
Wahbi