Friji ya Nereo

San Pedro de Macorís, Jumapili

Dada Altagracia,

Sisi wazima. Viatu ulivyotuma vimemtosha Mama, anavivaa hata jikoni.

Najua hata huko Boston mmesikia: Nereo Pozo, yule nyota wa mtaa wetu, ameacha besiboli. Redio ilipotangaza, mume wangu Eligio alifoka pale dukani, "Aende zake! Kujidunga madawa ya misuli, kutuaibisha dunia nzima!" Huku anafuta machozi. Mzee Chepe mwenye duka akamcheka, "Mtukane tu, shemeji. Bia yako leo italala kwenye friji ya nani?"

Maana si unakumbuka Krismasi ile Nereo aligawa friji mtaa mzima, kila moja na sahihi yake mlangoni. Eligio ameisugua yetu kwa mchanga, sahihi haitoki.

Mwanetu Wander katimiza miaka kumi na sita. Mabega yamepanuka ghafla. Kocha wake wa besiboli kamletea vichupa vya "vitamini", vinakaa kwenye friji, pembeni ya mayai. Nilimuuliza Eligio ni vitamini gani zinazodungwa mapajani.

"Yudelka, mwezi ujao Wamarekani wanakuja kumtazama mtoto, wamsajili," akasema. Halafu akaufunga mlango wa friji taratibu, vichupa visije vikavunjika.

Na mimi, dada, mayai nayatoa taratibu vilevile.

Mdogo wako,
Yudelka