Gambuti ya Kushoto

Makongeni, Nairobi
Jumapili jioni

Kwa mdogo wangu Nekesa,

Salamu hizi na zikukute umeketi, umepumzika, jambo ambalo najua ni gumu kwako. Goti lako limezionaje mvua hizi? Na ule mti wa avokado, umezaa au bado unatudanganya kwa majani? Mimi nina afya ya kutosha kuandika. Chumba ni kile kile nilichoingia tulipofukuzwa kwetu mlimani kwa ugomvi wa ardhi, nikidhani nitakaa msimu mmoja. Vitabu vimeongezeka, nafasi haijaongezeka.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umeuliza kama Agosti nitakuja kusimama na Wanyonyi wako atakapotahiriwa. Mjomba mwingine hana. Nimechelewa kujibu kwa sababu najua mjomba huketishwa wapi: kwenye mtungi wa pombe ya busaa, apewe mrija wa kunywea. Na mimi nikishika mrija siuachi. Umewasikia watu wakilisema hilo kwa mzaha. Si mzaha tena, mdogo wangu.

Jirani yangu Asenath ndiye aliyenianza. Alikuja kurudisha sufuria, akaniambia nisimvalie sura ya mwalimu mkuu, harufu yangu hufika mlangoni kwake kabla yangu, na kama katika vitabu vyote hivi hakuna hata kimoja kilichoniambia niache, basi niviuze vikafungiwe karanga. Kisha akapoa. Akanieleza kuna watu wanaoacha pombe, hukutana Alhamisi jioni katika ukumbi wa kanisa karibu na Barabara ya Jogoo. Wanakaa duara, wanakunywa chai, kila mtu anasimama na kujitaja, na hakuna anayecheka.

Nilienda. Niliona aibu kumuuliza mlinzi, nikaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Viti vya plastiki vilikuwa duara, chupa za chai mezani. Watu walinipa mkono wakaniambia pole sana mzee, nami nikaona ndivyo inavyostahili. Wakaanza kujitaja, jina na mtaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema naitwa Patrobas, nakaa Makongeni, pombe imenishinda, nisaidieni.

Mwanamke mmoja mwenye leso kichwani akaanza kulia. Mwenyekiti, bwana aitwaye Nyamai, akanishukuru, akasema afadhali amepatikana rafiki mmoja mkweli wa ndugu yake, maana tangu afe familia nzima inasema presha, presha. Hapo ndipo nilipoiona picha nyuma ya chupa za chai: mwanamume amesimama kando ya lori. Ulikuwa mkutano wa matanga. Marehemu aliitwa Muthama, dereva, na mimi sikuwahi kumwona.

Nilipaswa kuomba radhi nitoke. Kwa nini sikutoka, sijui. Nyamai aliniomba niwaeleze Muthama aliishije siku zake za mwisho, nami kwa kuwa sikuwa na lolote la kusema juu yake, nikasema niliyokuwa nayo: kwamba mtu wa namna hiyo huamka kabla ya wenzake ili wasiione mikono yake ikitetemeka, kwamba kikombe hukisuuza, akakinusa, akakisuuza tena, kwamba chupa huificha ndani ya gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira cha kuvaa mvuani, mahali ambapo mgeni hawezi kutia mkono. Yule mwanamke aliyekuwa akilia ni Koki, mjane wake. Aliinua uso akasema ni kweli, gambuti hiyo ameipata yeye mwenyewe. Ya kushoto.

Nekesa, yangu pia ni ya kushoto. Iko chini ya kitanda hiki nilichokikalia nikikuandikia.

Walipomaliza maombi nilimfuata Koki nje, nikamwambia kwamba simjui mumewe, kwamba nilikuwa nikieleza maisha yangu. Nilitarajia matusi. Alinitazama, akauliza kama nilikuwa nikiutafuta ule mkutano mwingine. Upo huko nyuma, akasema, darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Yeye mwenyewe alimsindikiza Muthama mara nyingi hadi mlango ule, na mara zote mumewe aligeuka akarudi. Akasema, mzee, kama umeweza kuingia kwenye matanga ya watu bila hodi, huko utashindwaje? Sikujua kama ananicheka au ananituma. Hata sasa sijui.

Alhamisi iliyofuata niliingia. Tunakalia viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu, na mtu wa umri wangu hawezi kuinuka haraka akimbie. Nilitaja jina langu tu. Basi sijui kama nimeanza, au kama bado niko katika ule ukumbi wa mbele nikimlilia mtu nisiyemjua. Chupa iko pale pale. Leo sijaigusa.

Agosti nitakuja. Lakini waambie wazee mapema, kabla hawajaanza kunibembeleza: ule mrija wa baba uliouhifadhi darini, mpe binamu yetu Wakoli. Nitamvika Wanyonyi nyama ya mjomba shingoni kama desturi yetu inavyotaka, nitasimama naye hadi kisu kimalize kazi, halafu nitakuja jikoni kwako uninywishe chai. Wakisema mjomba asiyeketi mtungini hajakamilika, usibishane nao. Nitakuja hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na goti hilo ulikande kwa maji moto. Asenath anakusalimu ingawa hamjaonana. Kesho asubuhi atapeleka barua hii posta, na nimemwomba abebe na gambuti, chupa ikiwa ndani yake, akaitupe mbali. Amecheka, akauliza moja au zote mbili. Nimemwambia zote, nisije nikahamia ya kulia.

Ni mimi kaka yako,
Patrobas