Mwenyekiti na Viatu Vyake vya Gofu

Nasra, uko wapi? Nimetoka uwanjani sasa hivi.

Leo si walikuja kuchagua vijana wa timu ya taifa ya gofu? Nikampeleka Mwajabu, yule mwanafunzi wangu wa kijiji cha Kolo.

Mwenyekiti wa kamati ya uteuzi kaanza na hotuba ndeefu ya kuibua vipaji. Halafu akataka kutuonyesha! Kapiga, kakosa. Kapiga tena, vumbi tupu. Mpira haukusogea, Nasra! Haukusogea! Eti, "Ardhi ya Dodoma ngumu."

Mwajabu akapiga kwenye ardhi hiyohiyo. Mpira ukapotelea kule kwenye miti ya migunga. Watu wakashangilia.

Mwenyekiti kamwangalia miguuni. "Timu ya taifa haichezi na raba za shule. Akatafute viatu vya gofu kwanza."

Mtoto akainamisha kichwa. Uvumilivu ukanishinda.

"Shikamoo mzee. Wewe viatu unavyo, mbona mpira wako bado uko hapo?"

Nilisema hivyo, Nasra! Mbele ya watu wote! Wajumbe wenzake wakacheka mpaka machozi.

Basi, wajumbe wamemchagua Mwajabu. Mimi nimeambiwa nisikanyage tena pale.

Jumatatu wanaanza mazoezi. Utampeleka wewe, na tafadhali funga mdomo.